Nani anaweza kukufutia leseni ya udereva? Majibu kwa madereva wa Migori na Homa Bay

Kati ya maswali ninayoulizwa na madereva wa Migori na Homa Bay, moja hurudi kila mara: je, askari wa trafiki anaweza kunifutia leseni papo hapo barabarani? Jibu ni fupi. Hawezi. Lakini jibu hilo lina mkia mrefu, na mkia huo ndio nitakaoueleza leo, kwa sababu wapo wanaopoteza pesa kwa kutoujua, na zipo familia zilizozika watu wao bila kujua kwamba sheria ilikuwa upande wao.

Huenda msomaji wa Mombasa au Kilifi akajiuliza Migori inatuhusu nini. Lori linalotoka bandarini kwetu kuelekea mpaka wa Isebania hupita Rongo, Awendo na Migori mjini kabla ya kufika. Watu wa Homa Bay nao tunaishi nao Changamwe na Likoni, na kila Desemba husafiri kwenda makwao kwa mabasi ya usiku. Mimi ni mtu wa Pwani niliyefanya kazi miaka kadhaa pande za huko, na nimeona kwamba sheria ni ileile, uwe Mtwapa au Mbita. Mimi si wakili. Ninachokieleza hapa ndicho ambacho kila mwenye leseni anapaswa kukijua kabla hajamtafuta wakili.

Maneno manne yasiyofanana

Watu wengi husema "leseni imefutwa" wakimaanisha mambo manne tofauti. Tuyatenganishe kwanza.

La kwanza ni leseni kuisha muda. Hapo hakuna aliyekunyang'anya kitu. Unalipia upya katika eCitizen na maisha yanaendelea, ingawa ukikamatwa kabla ya kulipia utatozwa faini.

La pili ni leseni kusimamishwa. Bado ni yako, lakini haina nguvu kwa kipindi kilichotajwa. Kipindi kikiisha, nguvu yake hurudi.

La tatu ni leseni kufutwa. Hii imekufa. Hairudi yenyewe. Muda wa adhabu ukiisha, ni lazima uombe nyingine kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ambayo sote tunaiita NTSA.

La nne ni kupigwa marufuku kuwa na leseni au kuomba leseni. Marufuku humfuata mtu mwenyewe, si kadi. Kijana wa bodaboda kule Ndhiwa ambaye hajawahi kuwa na leseni hata siku moja anaweza kupigwa marufuku, na asiweze kuomba leseni mpaka muda uishe. Kwa hivyo wale wanaosema "mimi sina leseni, watanifutia nini?" wamekosea. Na aliyepigwa marufuku akipata leseni kwa mlango wa nyuma, leseni hiyo ni karatasi tu mbele ya sheria.

Askari aliye barabarani ana mamlaka gani?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya sheria za Kenya, imekuwepo tangu Januari 1954, na ilifanyiwa marekebisho makubwa yaliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2012. Sheria hiyo inampa polisi uwezo wa kukusimamisha, kukuomba leseni, kukagua gari na kukukamata. Anaweza pia kukupa ilani ya kufika kortini.

Kwa makosa madogo kuna kanuni za mwaka 2016 zilizoweka faini za kudumu. Kutobeba leseni unapoulizwa ni shilingi 1,000. Kutumia simu ukiendesha ni shilingi 2,000. Kupita kikomo cha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa ni shilingi 10,000. Faini hizi zinalipwa kwa utaratibu rasmi wenye risiti, wala hakuna hata moja kati ya hizi inayosema kwamba leseni yako itafutwa hapo barabarani.

Kufuta leseni hakumo katika mamlaka ya askari. Akiishika kadi yako kwa ajili ya uchunguzi au ushahidi, leseni bado ni yako na bado iko hai katika mitambo ya NTSA. Muulize jina lake, nambari yake ya kazi na kituo chake, kisha uombe ilani au nambari ya OB.

Nasema haya kwa sababu najua hofu inavyofanya kazi. Dereva mmoja wa Probox kati ya Rongo na Homa Bay aliniambia, "Omera, akisema tu atanifutia leseni, natoa elfu mbili. Watoto watakula nini?" Hapo ndipo penye mtego. Anatishwa kwa jambo ambalo anayemtisha hana uwezo wa kulifanya. Tena Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Dereva huyo anatoka hapo amepungukiwa na pesa, na yeye pia ameshatenda kosa.

Kama umekamatwa, Katiba katika kifungu cha 49 inataka uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Ukilipa dhamana kituoni, dai risiti. Dhamana si faini.

Mahakama ndiyo yenye kalamu

Sehemu ya Nane ya Sheria ya Trafiki inampa hakimu uwezo wa kusimamisha leseni, kuifuta, na kumpiga marufuku dereva aliyepatikana na hatia ya kosa linalohusu kuendesha gari. Maneno muhimu hapa ni "aliyepatikana na hatia". Kukamatwa hakutoshi, na kushtakiwa pia hakutoshi. Lazima ukiri kosa au ushahidi usikizwe na hakimu aamue.

Kuna makosa ambayo hakimu ana hiari ya kugusa leseni au kuiacha, na mengine ambayo sheria imemfunga mikono. Haya matatu ndiyo ambayo kila dereva anapaswa kuyajua.

Kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya, kifungu cha 46. Hapa wanaingia waendeshaji wa ovyo, wenye mwendo wa hatari, na hata anayeliacha gari barabarani mahali panapohatarisha wengine. Lori lililoharibika likaachwa kwenye kona usiku bila alama yoyote ni mfano mzuri. Kifungo ni hadi miaka 10. Juu ya hapo, mahakama ni lazima ifute leseni na kumpiga dereva marufuku kwa miaka 3. Miaka hiyo huhesabiwa kuanzia siku ya kupatikana na hatia au siku ya kumaliza kifungo, ile itakayokuja baadaye. Kwa hivyo anayefungwa miaka minne hatoki gerezani akiwa ameshamaliza marufuku yake. Ndipo inapoanza.

Kuendesha ukiwa mlevi, kifungu cha 44. Kosa hili linamgusa anayeendesha, anayejaribu kuendesha, au anayesimamia gari akiwa amelewa kiasi cha kutoweza kulidhibiti ipasavyo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Pamoja na adhabu hiyo, marufuku ya miezi 12 huanza siku ya hatia, na mahakama inaweza kuongeza muda. Sheria haijali kama ulikunywa bia hotelini Homa Bay mjini au chang'aa kando ya ziwa. Inatazama kama ungeweza kulitawala gari.

Kuendesha kiholela au kwa namna ya hatari, kifungu cha 47. Hili ni kosa hata kama hakuna aliyekufa. Mara ya kwanza, faini ni hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miaka 2, na hakimu anaweza kugusa leseni yako. Ukirudia na kupatikana na hatia tena, hiari hiyo inaondoka, na sheria inataka leseni ifutwe.

Mahakama za kusikiza kesi hizi haziko mbali. Kaunti ya Migori ina mahakama za mahakimu Migori, Rongo na Kehancha. Homa Bay ina Homa Bay mjini, Oyugis, Ndhiwa na Mbita. Asiyeelewa Kiswahili wala Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo, awe anasema Kikuria au Dholuo. Usikiri shtaka ambalo hukulielewa kwa kuwa foleni ni ndefu na unataka kurudi stejini. Neno "ndiyo" linaweza kukugharimu leseni.

NTSA nayo inaingia wapi?

NTSA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na ndiyo inayotoa leseni. Inaweza kuigusa leseni yako bila wewe kutenda kosa lolote barabarani, kupitia njia ya afya. Kama kuna sababu ya kuamini kwamba dereva ana ugonjwa au ulemavu unaofanya kuendesha kwake kuwe hatari kwa umma, leseni inaweza kubatilishwa. Lakini lazima apewe ilani kwa maandishi kwanza. Kifafa na kupungukiwa na uwezo wa kuona ni mifano ya karibu. Huku si kuwafungia njia walemavu, kwani lipo daraja la leseni lililotengwa kwa ajili yao, daraja F.

Pia NTSA hutoa leseni za kuhudumu kwa magari ya abiria na vyama vyao vya sacco. Ukisikia kwamba sacco fulani imesimamishwa, usidhani kwamba kila dereva wake amefutiwa leseni ya udereva. Kilichosimamishwa ni kibali cha kubeba abiria. Dereva anakosa kazi siku hiyo, na njaa ni ileile, lakini leseni yake binafsi ni safi na anaweza kutafuta kazi kwingine.

Kuna jambo la tatu ambalo huwaponza wengi wa Migori na Homa Bay, nalo ni daraja la leseni. Kanuni za mwaka 2020 ziliyapanga upya madaraja. Bodaboda ya kubeba abiria inahitaji A3, siyo A2 ya pikipiki ya kawaida. Matatu ya abiria 14 inahitaji D1. Trekta lina daraja lake, G, na anayevuta trela za miwa kuelekea kiwandani Awendo hawezi kujitetea kwa leseni ya gari dogo. Dereva wa Probox mwenye leseni ya gari la kibinafsi anayebeba abiria wa kulipa, na "sambaza" mmoja ubavuni mwake, hajafutiwa leseni na mtu yeyote. Lakini kwa kazi anayoifanya ni kama hana.

Mpaka wa Isebania unavyochanganya

Nimegundua chanzo kingine cha dhana kwamba polisi hufuta leseni. Migori inapakana na Tanzania, na redio za upande wa pili husikika vizuri. Mara kwa mara vyombo vya habari vya Tanzania huripoti kwamba Kikosi cha Usalama Barabarani kimewafungia leseni madereva wa mabasi kwa mwendo kasi au kwa kupita magari mengine pasipofaa. Kule, polisi wana nafasi kubwa zaidi katika mambo ya leseni. Dereva wa Isebania akisikia habari hizo hudhani askari wa Kenya naye ana mamlaka hayo. Hana. Ukivuka kuingia Sirare, fuata sheria ya Sirare. Ukiwa upande huu, kalamu iko mahakamani na NTSA.

Kesi ikifa, leseni inaishi

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Ikiwa leseni hufutwa baada ya hatia, basi kila kesi inayokufa njiani inaiacha leseni ikiwa hai.

Kesi hufa kwa njia nyingi. Ya kwanza ni ile ya barabarani, ambapo noti hupita dirishani na mlevi anaendelea na safari. Ya pili ni ya mashahidi kutofika kortini, kwa sababu nauli kutoka Muhuru Bay si ndogo na kesi imeahirishwa mara tano. Ya tatu ni shtaka kubadilishwa. Aliyesababisha kifo akishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu tu, ile lazima ya kufuta leseni kwa miaka 3 haiandamani na shtaka hilo jipya. Ya nne ni mazungumzo ya nyumbani. Mwenye gari analeta pesa za jeneza na ng'ombe wa matanga, wazee wanakaa, familia inakubali, na hakuna tena anayefuatilia faili.

Simlaumu mama aliyekubali pesa za kumzika mwanawe. Nani angemlaumu? Lakini ajue kwamba kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya familia. Makubaliano ya wazee hayafuti shtaka. Hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa kesi mahakamani bila idhini ya mahakama. Hivyo ndivyo Katiba inavyosema katika kifungu cha 157. Na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inaipa familia haki ya kujulishwa kesi inakwendaje na ya kusikizwa. Fidia ni njia nyingine kabisa, inayopitia bima na mahakama ya madai. Kupokea msaada wa mazishi hakumzuii mtu kutoa ushahidi.

Kwa hivyo kama umepoteza mtu wako katika ajali, kuna mambo ya kufanya mapema. Chukua nambari ya OB na abstrakti ya polisi. Uliza jina la afisa anayechunguza. Uliza shtaka lililoandikwa ni la kifungu gani: 46 au 49? Swali hilo moja lina uzito kuliko kelele nyingi kituoni. Ukiona faili halisongi, nenda katika ofisi ya mashtaka ya umma iliyo katika kaunti yako. Kukiwa na polisi aliyekula njama, malalamiko hupelekwa kwa IPOA. Kukiwa na hongo, kwa EACC.

Ukiamriwa leseni yako ifutwe

Dereva naye ana haki zake, na si kila anayehukumiwa amehukumiwa sawa.

Amri ikitoka mahakamani, omba nakala ya hukumu na uisome ujue ni kusimamishwa, kufutwa au marufuku, na ni kwa muda gani. Kisha hesabu siku. Rufaa dhidi ya uamuzi wa hakimu hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 14, na Mahakama Kuu ina vituo Migori na Homa Bay. Unaweza kuomba amri isitekelezwe hadi rufaa isikizwe. Lakini kuomba si kupewa. Mpaka mahakama iseme, usiguse usukani.

Uamuzi ukiwa wa NTSA, kumbuka kifungu cha 47 cha Katiba, ambacho hakihusiani na kile cha 47 cha Sheria ya Trafiki nilichokitaja juu. Hiki cha Katiba kinasema kwamba ofisi ya serikali inayogusa haki yako lazima ifuate utaratibu wa haki na ikupe sababu kwa maandishi. Ikiwa hukupewa ilani wala nafasi ya kujieleza, hiyo ni hoja nzito. Anayepinga NTSA kumnyima, kumsimamishia au kumfutia leseni ana pa kwenda: Bodi ya Rufaa ya Leseni za Usafiri, na baadaye mahakamani. Peleka malalamiko yako kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Jambo la mwisho kwa dereva: usiendeshe ukiwa umepigwa marufuku. Hilo ni kosa jipya, hata kama uliendesha vizuri kama malaika. Tena mikataba ya bima kwa kawaida humtaka dereva awe na leseni halali na asiwe amepigwa marufuku. Ukigonga mtu siku hiyo, kampuni ya bima inaweza kukugeukia wewe na mwenye gari. Mwenye gari naye asijifanye hajui. Kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo wa matatu au lori, athibitishe leseni yake kwa NTSA na asitosheke na kadi ya mkononi, maana kadi za kughushi zipo.

Nimalizie na dereva yule wa Probox na elfu mbili zake. Asiyelewa, asiyekimbiza gari kupita kiasi na mwenye leseni ya daraja linalofaa hana haja ya kuogopa tishio la kufutiwa leseni barabarani. Aseme kwa adabu, "Afande, niandikie ilani, tutakutana kortini." Na yule aliyelewa, au aliyemuua mtu kwa mwendo wa hatari, naye apelekwe kortini palepale, asipewe njia ya kupita dirishani.